Kiingereza cha Kupandia Basi

Miaka ile ya ruksa, mabasi ya watu binafsi yalipoanza kujaa stendi ya Songea, mtu alipanda akisalimia basi zima. "Habari za humu ndani?" Wanaitikia, ndipo unatafuta kiti. Wazee unawapa shikamoo zao, hata kama konda anapiga kelele. Sikujua kama kuna watu wanaopanda basi kwa namna nyingine.

Binti yangu wa mwisho alikuwa nesi Uingereza. Akaniandikia kwamba ana mimba, mume wake anafanya kazi za zamu, na hana mtu wa kumkanda akijifungua. Tiketi wangenitumia. "Ila mama," akaandika, "nikilazwa utakuja kuniona peke yako, kwa basi. Jifunze Kiingereza cha kupandia basi tu, kingine acha."

Mimi shule niliishia darasa la pili. Nyumbani kwangu Mjimwema, hapo hapo Songea, tangu nifiwe na mume, chumba kimoja nilimpangisha mwalimu wa kike kutoka Bukoba. Jioni, akimaliza kusahihisha madaftari, aliketi kwenye kigoda uani kunifundisha, akawa dereva. Mimi natokea jikoni na kikapu.

"Good morning. How are you?" naanza, nikikunja goti kidogo kama tulivyolelewa.

"Mama, basi limeshaondoka."

"Limeondokaje na mimi nimo?"

"Humo! Bado uko mlangoni unasalimia. Uliza kwanza: Does this bus go to the hospital? Basi hili linakwenda hospitali?"

"Nimuulize mtu njia sijajua ameamkaje? Si ataniona nimetoka porini?"

"Hatakuona kabisa, mama. Ana kazi zake."

Tulicheka hadi kuku wakatawanyika. Nikajua kuuliza nauli, kuomba nionyeshwe kituo, kushukuru. Lakini salamu ilitangulia kila mara, sikuweza kuizuia. Kisha mwalimu akahamishwa. Jioni nikawa nasema na kigoda kitupu, na majirani wakipita nje ya ua nanyamaza.

Nikaenda, nimevaa koti la mitumba la pale sokoni, na unga wa ulezi kutoka Maposeni sandukuni. Huko binti alishinda kazini, mimi nikashinda dirishani. Wiki ya tatu uchungu ukamshika, mtoto akatolewa kwa upasuaji. Kesho yake mkwe wangu aliniandikia namba ya basi kwenye karatasi, akawahi zamu. Wagonjwa walitazamwa saa nane hadi saa kumi. Nikapika uji, nikaujaza kwenye chupa ya chai.

Basi likaja, mlango ukafunguka. Nikakunja goti, nikasalimia. Dereva akanitazama, akasema neno nisilolijua. Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga mstari, kimya. Nikaona aibu kuwazuia, nikasogea pembeni wapite wenye haraka, kama tunavyofanya kwetu. Wakapita. Wa mwisho alipoingia, mlango ukafungwa na basi likaondoka. Nilingoja konda agonge bodi aseme, "Mama bado huyo!" Konda hakuwapo.

La pili likawa vilevile. Nilisalimia, swali likanipotea, nikapisha watu, nikaachwa. Saa ya kanisa ng'ambo ya barabara ilionyesha saa tisa. Nikamwona binti yangu, kwa macho ya moyo, akitazama mlango wa wodi, wenzake wote wana wageni.

Basi la tatu sikukunja goti.

"Does this bus go to the hospital?"

Nilimtupia yule dereva maneno kama namkemea mtoto. Akatikisa kichwa kuitikia. Nikamfungulia kiganja chenye sarafu, akachukua zake, nikaenda kukaa. Mwanamke wa rika langu, tuliyekaa naye kiti kimoja, alitazama dirishani njia nzima. Nilitamani aniulize hata natoka wapi. Ningemjibu nini, sijui, lakini nilitamani.

Nilifika zimebaki dakika ishirini. Binti alikuwa amegeukia ukutani, mtoto kalala pembeni yake.

"Mama! Nilijua umepotea."

"Nipotee niende wapi? Kunywa uji."

Ulikuwa vuguvugu tu. Akanywa vikombe viwili bila kupumzika. Kumkanda haikuwezekana, kwa ajili ya kidonda, nikamshika miguu iliyovimba.

"Nyumbani hawajambo?" akauliza. Tangu nifike alikuwa hajapata nafasi ya kuniuliza vizuri.

Nikaanza na nyumba inayotazamana na yetu, nikateremka na barabara, nikimtajia kila mtu kwa jina lake na nilivyomwacha: nani kaoza binti, nani bado anaumwa mgongo, nani kamfukuza mpangaji. Alinisikiliza amefumba macho. Nesi akaja, akaonyesha saa yake mkononi. Nilikuwa sijafika hata nusu ya mtaa.