Mluzi wa Kumwita Zosia

Nilijua mume wangu ana mwanamke siku Genowefa, jirani wa mtaa wa nyuma, alipokuja kuegemea ua wangu na kuniuliza, "Leokadia, shoga yangu, huyo Zosia ni nani?"

"Zosia yupi?"

"Mie usiniulize. Walenty wako alfajiri akishaweka chupa za maziwa mlangoni kwa watu, anapiga mluzi, kisha anaita. 'Zosia, njoo! Twende, mama!' Tena kwa sauti hiyo, loo! Mume wangu hajaniita hivyo tangu harusini."

Wangu pia hakuwahi. Mimi ananiita "wewe", na akifurahi sana, "mama Tadek".

Hapa kwetu Hamtramck, kamji ketu Wapolandi katikati ya Detroit, Marekani, mtoto akizaliwa na nywele nyekundu, mzaha ni mmoja tu: kamuulizeni muuza maziwa. Sisi wake za wauza maziwa tunacheka pamoja na wenzetu, tukifika nyumbani hatucheki. Na Zosia nilimjua. Zosia Wilkosz, mjane wa Mtaa wa Caniff, mweupe, amejaa pale panapotakiwa, anaagiza krimu kila siku ya Mungu na anaishi peke yake. Mtu mmoja, krimu yote ile anampa nani?

Halafu lile gari lake la maziwa! Nililichukia tangu zamani, sasa nikajua kwa nini. Limetengenezwa hapa hapa mjini kwetu Detroit, pua fupi, tumbo kubwa, sakafu iko chini karibu na barabara. Dereva anaendesha amesimama wima. Mwendo anauongeza kwa mkono, na chini kuna pedali moja: ukiikanyaga kidogo inaachia klachi, ukiikandamiza inashika breki. Milango inakunjwa pembeni na kubaki wazi, anachumpa nje na chupa zake, anachumpa ndani. Niambie, nani anakaa akafikiria gari ambalo mwanamume anaingia na kutoka bila hata mlango kusikika? Mtu asiye na mke, huyo.

Walenty alilizoea mpaka akawa hajui kukaa. Nyumbani alikula amesimama, bakuli mkononi, ameegemea sinki. Siku ile nikamtazama anavyokula kabichi yangu hivyo hivyo, nikawaza, huyu hakai kwa sababu hapa si kwake. Moyo ukaniwaka. Nilitaka kumkamata.

Asubuhi ya pili nikajifunga kitambaa kichwani, nikachukua mti wangu wa kusukumia unga, nikaenda kujibanza nyuma ya mapipa ya takataka, mkabala na nyumba ya mjane. Gari likaja. Walenty akashuka, akapanda ngazi za yule mwanamke na maziwa na krimu yake. Nikaushika mti wangu sawasawa.

Akaweka chupa chini. Akaokota tupu. Pazia la mjane halikutikisika. Akashuka, akapiga mluzi, mmoja mrefu na mmoja mfupi, akaita, "Zosia! Twende, mama!"

Mlango haukufunguka. Na yeye hakuungoja. Alikwenda zake na kikapu nyumba ya pili, akaweka, akaokota, akaenda ya tatu, hata hageuki nyuma. Alipomaliza ya nne akafika ukingo wa barabara na kunyoosha mkono kuchukua chupa nyingine, akashika hewa. Gari lilikuwa kule kule alikoliacha. Akajipiga paji la uso, akaanza kurudi kulifuata.

Nikatoka mafichoni. "Zosia ni nani?"

Aliona mti kwanza, kisha akaniona mimi. "Wewe! Umefuata nini huku?"

"Nimekuuliza, Walenty. Nijibu kabla sijaamsha mtaa mzima."

Akavua kofia. "Farasi," akasema.

"Farasi gani? Usinifanye mjinga!"

"Farasi wangu wa mkokoteni, kabla sijakuoa, kabla ya haya magari. Alikuwa anajua kila mlango. Mimi nagawa nyumba hadi nyumba, napiga mluzi, yeye anavuta mkokoteni mwenyewe, ananingoja mbele. Hata mteja akihama mtaa, Zosia bado anasimama mlangoni kwake, mpaka umbembeleze." Akaligonga gari kiunoni kwa kiganja. "Hili limepewa kila kitu. Halichoki, halili. Lakini ukiliita haliji. Nikiwa na mawazo nasahau."

"Na huyo farasi yuko wapi?"

"Magari yalipokuja kampuni iliwauza farasi wote kwenye machinjio. Niliambiwa nimpeleke. Sikumshika hatamu hata. Nilipiga mluzi, akanifuata mpaka getini. Sikugeuka, nilijua yuko nyuma yangu."

Akalia, pale barabarani, na chupa zake. Mngedhani nilipoa. Wapi! Heri angekuwa mjane. Mjane ningemvuta nywele tukamaliza. Farasi aliyekufa utamfanya nini?

"Na mimi je," nikamwambia, "umewahi kunipigia mluzi mimi?"

"Wewe si farasi."

"Ndicho ninachosema!"

Maskini, alijaribu. Jumapili moja nikiwa uani naanika nguo, akasimama mlangoni akapiga, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nikajaa hasira, kwa kuwa nilijua ni wa nani. "Mimi si wa kuitwa kwa mluzi!" nikamjibu. Hakurudia tena, na mimi sikumwomba. Tukazeeka hivyo. Watu wakaanza kununua maziwa dukani, magari yakaenda kuchakaa uwanjani, Walenty akastaafu. Akaendelea kula amesimama.

Kisha akili yake ikaanza kumwacha. Kwanza mitaa, kisha majina, kisha Tadek mwanawe, kisha mimi.

Mwaka jana, Jumanne ile ya kukaanga maandazi ya jemu kabla ya Kwaresima, nilikuwa jikoni, unga mpaka viwikoni. Nikausikia kutoka barazani. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Alikuwa amesimama na chupa mbili tupu za siki, anatazama barabara, anangoja.

Bado nilimwonea wivu yule mnyama, Mungu ananisikia. Nilizima jiko, nikatoka.

"Zosia," akasema, uso wote umefunguka. "Umekuja mwenyewe."

"Nimekuja," nikamwambia.

Akashuka ngazi na chupa zake, akaanza kupita nyumba hadi nyumba, na mimi nyuma yake na aproni yangu. Tulikwenda mpaka kona. Hakugeuka hata mara moja kuangalia kama namfuata.