Jina la Mwisho Kwenye Karatasi

Siku ya kwanza kazini, Mhasibu wa chuo alinipa kalamu na karatasi, akaniambia ninakili majina ishirini. Nilikuwa kijana mwenye haya, nimeishia darasa la saba, nimetoka Newala kwa watu wanaochonga vinyago. Nilipofika jina la nne, alikuja kusimama nyuma yangu.

"We kijana, unaandika au unachonga?"

Ofisi nzima ilicheka. Chuo kilikuwa Tabata, cha watu binafsi, nami nilikaa hapo mpaka nikaota mvi.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Asubuhi ya mtihani niliandika orodha ya waliokosa kibali, yaani wasiomaliza ada, nikaipeleka kwa msimamizi. Akishaipata, anaita majina, wanatoka, mlango unafungwa. Wachache walikuwa na ruzuku, fedha isiyorudishwa. Hao sikuwaandika kamwe. Wenye mkopo walilipiwa sehemu tu. Iliyobaki waliilipa kwa awamu, na awamu ya mwisho ndiyo iliyowaangusha wengi.

Rehema alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu. Asubuhi moja alikuja dirishani, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo mjomba. Mama yupo kwa wakala wa benki Kimara, analipa. Mtandao unasumbua."

"Marahaba. Mwambie Mhasibu."

"Nimemwambia. Kasema orodha ikitoka, imetoka."

Jina lake lilikuwa la mwisho. Nilianza kuandika, na kwa mara ya kwanza nikaandika polepole kwa makusudi. Herufi moja, napumzika. Nikaijaribu kalamu pembeni ya karatasi kana kwamba wino umekata.

"Bado unachonga?" Mhasibu akauliza.

"Nachonga, mama. Limebaki moja, ila gumu."

"Rehema ndilo gumu?"

Nikainama. Nilikuwa nimeandika herufi mbili simu ya ofisi ilipolia. Mhasibu alisoma ujumbe wa benki.

"Basi. Hilo usimalizie."

Rehema aliingia kwenye mtihani mbio, hata kunishukuru hakuwahi.

Toka siku hiyo nilichonga kila mtihani. Mhasibu alijua, akanyamaza. Lakini mara nyingi ujumbe haukuja. Kuna kijana alihamia kwetu kutoka chuo kingine, mkopo wake ukapelekwa kule alikotoka. Nilichonga mpaka msimamizi akatuma mtu kuifuata karatasi. Nikamaliza jina. Kijana yule alikaa getini hadi mchana, kisha akanipa kalamu yake.

"Chukua, mzee. Leo mie sina kazi nayo."

Niliipokea, nikaitia mfukoni.

Baadaye Mkuu wa Chuo mpya alileta kompyuta. "Mzee, sasa utapumzika," aliniambia, na alimaanisha wema. Saa mbili kamili jina la asiyelipa linageuka jekundu lenyewe. Miaka yangu miwili ya mwisho nilifungua mlango wa mtihani na kuufunga, basi.

Sasa nimestaafu, ila uchovu wenyewe haujastaafu. Nyie mnaoanza masomo, mkihama chuo, hakikisheni mkopo umehama nanyi. Awamu ya mwisho ombeni iishe mwezi mzima kabla ya mtihani. Msiwategemee watu kama mie, hatupo tena pale. Mashine ile haiishii kwenye herufi mbili. Inaandika jina zima kwa mara moja.