Nilikwenda Gisenyi Kusikia Jina la Mama

Nilitoka Karagwe kwa sababu moja tu: mama alinituma. Macho yake yamekwisha nguvu lakini masikio bado makali, na alikuwa amesikia kwamba Kalisa siku hizi anazunguka kwenye nyumba za watu akipiga muziki wa milima ya Appalachia ya Marekani, yeye na mwenzake Hanna aliyezaliwa huko. Alisikia pia kwamba wimbo unaosifiwa zaidi ni wa mama mwenyewe, Kokuberwa, ule anaouimba bila maneno kila akimenya ndizi. Kalisa, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, aliishi kwetu miaka yote ya shule. Mwalimu wake Mmarekani alimpa banjo, lile gitaa lenye tumbo kama ngoma, naye akakaa nalo jikoni kwetu mpaka akaukamata wimbo wa mama.

"Nenda ukamrekodi," mama akaniambia. "Nataka kumsikia akinitaja." Akanipa na kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mtu wa nyumbani, ameifunga mwenyewe kwenye jani la mgomba.

Rusumo nilivuka mpaka wa Rwanda mchana, Kigali nikalala kwa binamu yangu. Asubuhi nikapanda basi la Gisenyi. Abiria wa Rwanda wametulia, kila mtu na simu yake, na mimi domo kaya nikakosa wa kuongea naye. Baada ya Musanze mvua ikaanza. Kanzenze watu walikuwa wanapalilia viazi mvua ikiwanyeshea, hakuna aliyekimbia. Tulipopita Nyundo nikaliona kanisa kuu, kisha barabara ikaanza kushuka na ziwa likatokea. Nilifurahi jamani, nisiwafiche. Nilijiona kama tayari nimebeba kitu kizuri cha kurudi nacho nyumbani.

Stendi ya Gisenyi nikamwonyesha dereva wa pikipiki jina la mwenye nyumba ambako Kalisa angepiga jioni ile, Mama Zubeda, muuza vitenge.

"Panda, dada," akasema. "Mi najua ile nyumba, iko kule chini. Leo wazungu mingi wameenda kule."

Mama Zubeda alinipokea kwa mikono miwili. Sebule yake ilikuwa imepangwa viti mpaka ukutani, makochi yametolewa nje barazani. "Karibu, mwanangu! Bon, ingia, usiogope. Iko chai, iko sambaza, na kiti yako niliweka mbele." Nilikula dagaa hao wa Kivu huku akinieleza mambo ya jioni ile. "Hawa watu wa hii muziki wako na desturi yao. Mbele ya kila wimbo wanasemaka ni nani aliwafundisha. Kama hautaji mwalimu yako, wenzako wanakuona mwizi tu."

Kumbe hata kuomba sitahitaji kuomba!

Jioni, kabla watu hawajakaa, Kalisa akaja. "Dada Alodia! Yaani umekuja kweli?" Akanikumbatia. Nikampa kahawa, akafungua jani palepale, akatupa punje mbili mdomoni na kufumba macho. "Mama hajabadilika mkono," akasema. Hayo niliyaona kwa macho yangu.

Muziki ulipoanza, simu zote zilizimwa isipokuwa yangu, niliyoruhusiwa. Hanna alipiga fidla, Kalisa banjo, wakaimba midomo ikikaribia kugusana. Walipiga vizuri, siwezi kuwanyima hilo. Na kweli, kila wimbo na mwalimu wake: huu tulifundishwa na mzee fulani mchimba makaa ya mawe, huu na bibi yake Hanna, huu na kipofu wa bonde fulani. Kila jina likitajwa wageni walitikisa vichwa kwa heshima.

Kisha vidole vya Kalisa vikagusa mwanzo wa wimbo wa mama. Nikainua simu. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, na mimi nikaelewa kila neno: "Huu ni wa zamani sana, wa kule milimani. Hakuna anayejua ulitoka kwa nani."

Nikasimama. "Kalisa! Mtaje mama!"

Sebule nzima ikageuka. Mtu nyuma yangu akafanya "shh". Kalisa akacheka kidogo, akawaambia wageni kwamba dada yake kaguswa sana na muziki. Wakanipigia makofi! Nikakaa. Lakini sikuacha kurekodi.

Walipomaliza nilimvuta barazani.

"Dada, nielewe," akasema. "Watu wameitwa kusikiliza Appalachia. Nikiwaambia huu ni wa jikoni Karagwe, jioni inavunjika. Na Hanna mwenyewe hajui. Nilimwambia zamani kwamba niliusikia kwa yule mwalimu, na kwamba naye hakujua ulitoka kwa nani."

"Na kahawa ya mama uliyotafuna?"

Akainama. "Usimwambie Hanna. Nakuomba."

Sikumwambia. Ilikuwa nyumba ya watu, na Mama Zubeda alikuwa amenitendea wema. Hasira ile nililala nayo, nikaamka nayo.

Asubuhi nilipita Petite Barrière, kivuko cha mpaka na Kongo, kumnunulia mama kitenge. Wanawake walikuwa wanavuka kwenda Goma na mizigo, na mmoja alilishika gunia la vitunguu njiani akiuliza kwa sauti, "Hii ni ya nani? Mwenyewe iko wapi?" Hakulibeba mpaka mwenyewe alipojitokeza. Nikasahau kitenge, nikashika njia ya kurudi nyumbani.

Nyumbani nilifika jioni ya siku iliyofuata. Mama alikuwa ananisubiri mlangoni. Nikamwekea simu sikioni.

"Hapo kabla hajaanza kupiga, amesema nini?"

Nikamtafsiria kama alivyosema. Akasikiliza wimbo mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Kahawa alikula?"

"Alikula, mama."

Akaingia ndani.

Nilichojifunza ni hiki: kuna safari ambazo mtu akirudi aseme tu basi liliharibika njiani, hakufika. Maana tangu siku ile mama anamenya ndizi kimya. Juzi nilimwomba, "Imba basi, mama, nyumba imepoa."

"Aa, mwanangu," akasema, kisu hakikusimama. "Ule ni wimbo wa watu."