Alama Niliyoweka Kwenye Kapasita

Huku Mugumu mtu akikuletea kitu chake kibovu haondoki. Anavuta ndoo, anaigeuza, anaikalia, anakukodolea macho mikononi mpaka umalize. Iwe redio, iwe friji, iwe simu. Anaogopa utachomoa kifaa chake kizima umrudishie kibovu cha mwingine. Mafundi wengi wanaona hayo ni matusi. Mimi sioni. Mimi mwenyewe nikipeleka pikipiki kwa fundi nakaa pale pale na njaa yangu. Mke wangu husema hata chumvi naionja mara mbili ndiyo niamini ni chumvi.

Kazi yangu ni friji na viyoyozi. Kwa hiyo tajiri mmoja wa hapa aliponunua gari la kulala, lile lenye kitanda na jiko ndani ambalo watalii hukodi, kiyoyozi cha juu ya paa lake kikawa cha kwangu kukihudumia. Dereva wake alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Na si shemeji hivi hivi tu. Ng'ombe aliowatoa kumwoa mdogo wangu ndio hao hao baba alinipa nikaolea. Kwa sisi Wakurya hilo ni jambo zito. Mke wangu yuko jikoni kwangu kwa sababu ya zizi la huyo bwana.

Kiyoyozi chenyewe kilikuwa na tabia iliyonikera. Hapa kwangu nakiwasha, kinapuliza baridi mpaka unatafuta koti. Kikifika kwenye kambi ya tajiri, kule karibu na geti la hifadhi, kinaguna tu, kisha swichi kubwa inajikata. Kikirudi nafungua, nakuta kapasita imevimba. Kapasita ni kile kikopo kinachoisukuma kompresa ianze kuzunguka. Naweka nyingine, safari inayofuata na yenyewe imevimba. Shemeji alikuwa na neno moja tu, kwamba hapa kinakubali na kule kinagoma. Nikamwambia mashine haina sura mbili, binadamu ndiye mwenye nazo. Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Tajiri naye hakuwa anacheka. Alikuja dukani kwangu peke yake, akasubiri wateja watoke, akanieleza anavyoona yeye. Dereva anachomoa kapasita nzima, anaiuza Sirari mpakani, anapachika mbovu aliyookota, halafu wanakuja kwangu kudai nyingine. Akataka niweke alama ya siri kwenye kapasita mpya. Ikija kukutwa haipo, shemeji anaacha ufunguo siku hiyo hiyo na anaenda kujieleza polisi.

Ningeweza kukataa. Sikukataa, maana na mimi nilishaanza kumwangalia shemeji kwa jicho la pembeni. Alikuwa ameezeka nyumba upya kule Kerende. Mabati yametoka wapi? Mshahara wa dereva naujua. Nilipomuuliza mdogo wangu, kwa kuzungukazunguka, alisema waliuza mahindi. Nikajiambia haya, mahindi. Mwaka ule mvua ilikuwa imetunyima kila mtu, sasa yeye mahindi yake yalinyeshewa na nani? Nilikuwa nalala na hasira, naamka nayo. Nilikuwa namwonea huruma mdogo wangu kabla hata hajapata la kulilia.

Basi nikachukua msumari, nikachora mistari miwili chini ya kikopo, upande ambao hauonekani mpaka ukitoe. Shemeji alikuwa hapo hapo, kaikalia ndoo, ananisimulia habari za watoto wake. Nilimpa mgongo nikachora.

Safari iliyofuata kiyoyozi kikafa tena. Wageni wakahamisha mizigo yao kwenda kulala hoteli, na tajiri akapiga simu amewaka. Alitaka nije kambini, nifungue mbele yao wote wawili.

Nilifika jua la utosi. Shemeji alinishikia ngazi, nikapanda juu ya paa. Bati lilikuwa linaunguza magoti. Nikatoa kifuniko, nikamaliza kwanza umeme uliobaki ndani ya kapasita, maana ile hata ikizimwa inaweza kukurusha, nikaichomoa, nikaigeuza.

Mistari yangu miwili ilikuwepo.

Unadhani nilifurahi? Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba ameiona alama akaigiza. Ndivyo nilivyo. Nikaisogeza kwenye mwanga, nikaikwaruza kwa kucha. Ilikuwa ya mkono wangu, mmoja umepinda kidogo pale msumari ulipoteleza. Mwizi hawezi kuiga mtetemo wa mkono wa mwenzake.

Nikaweka kapasita nyingine, nikamwambia shemeji awashe. Kikaguna. Nikashuka, nikaweka mita kwenye soketi ya gari. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa, umeme uko sawasawa. Kikijaribu kuanza, umeme unaporomoka. Nikaufuata waya kwenye majani mpaka jiko la kambi, unakotoka. Nikaushika. Ulikuwa wa moto, tena mwembamba, wa ekstensheni zile za kuchomekea chaja za simu, ukiwa mrefu kupita kiasi. Gari lilikuja na waya wake mnene. Nikauliza uko wapi.

Shemeji alimtazama tajiri. Tajiri akasema, bila wasiwasi wowote, kwamba ule aliupeleka kwake Nyansurura, unaendesha mashine ya kusaga. Tangu gari lilipofika. Shemeji alidhani waya ni waya, na mimi sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nilikuwa nauliza habari za mabati.

Nikamweleza tajiri kwamba kompresa inapoanza inahitaji nguvu nyingi, waya ule, tofauti na wangu mnene wa dukani, hauwezi kuipitisha, kwa hiyo inakwama na kapasita inaungua. Arudishe waya wake, basi. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akacheka.

"Kumbe waya tu, mura. Basi kazi iendelee." Akampiga shemeji begani. "Na umshukuru huyu shemeji yako. Bila ile alama aliyokuwekea kwenye kapasita, leo ungelala ndani."

Shemeji alikuwa bado ameshikilia ngazi ingawa hakuna mtu juu. Akauliza alama gani. Tajiri akamweleza yote, kwa furaha, na mahali penyewe ilipochorwa. Mimi nilikuwa nakusanya bisibisi zangu, nikitamani tajiri apaliwe na mate yake.

Shemeji alinirudisha Mugumu kwa gari lile lile. Tulipokaribia mjini nikaona nimwahi, nikamwambia mpango ulikuwa wa tajiri, mimi niliagizwa tu, na tajiri ndiye mtu mbaya hapa.

Akabadilisha gia taratibu.

"Tajiri simlaumu," akasema. "Tajiri hanijui."