Ng'ombe wa Jirani

Miaka michache kabla ya Vita vya Pili niliacha kumpikia mzungu wa shamba la chai, huku Kericho. Sikuwa na mke wala mtoto. Kila siku nilinung'unika kwamba akiba yangu haitanifikisha uzeeni, hadi jirani yangu Mkipsigis akachoka kunisikia. Akaniletea ng'ombe nimtunze, kama ilivyo desturi yao: maziwa yawe yangu, ndama wawe wa mwenye ng'ombe.

Nikamwambia asante kwa maziwa, lakini nikiugua humu ndani peke yangu, nani atajua?

Akanitazama kana kwamba mimi ni mjinga. "Ng'ombe ni wangu. Unadhani nitakaa siku mbili bila kuja kumwona?"

Alikuja kila asubuhi, akakosoa ninavyokamua, akanimalizia chai.