Mwanachama Msikilizaji

Asubuhi ile niliondoka Zinga bila mpango, nikafika Bagamoyo na njaa. Nilipoona turubai na kunusa pilau, niliingia nikakaa, kama tufanyavyo kwenye shughuli yoyote. Kumbe chama cha watafiti wa ubongo kilikuwa kikiandikisha wanachama, nami nikatamani kujiunga.

“Elimu yako?” aliuliza katibu.

“Niliishia darasa la sita, lakini nataka kujua kwa nini tunasahau.”

Wakacheka, wakaniandikisha mwanachama msikilizaji.

Jioni nilitafuta pa kulala, na mama mwenye nyumba ya wageni aliniuliza kazi yangu. Nikajibu kwa fahari kwamba mimi ni mwanachama wa chama cha watafiti wa ubongo.

“Alhamdulillahi! Chumba kipo. Mume wangu akienda kucheza bao husahau njia ya nyumbani. Kesho umchunguze.”

“Mimi msikilizaji tu, mama.”

“Ndiyo vizuri. Visingizio vyake mimi nimechoka kuvisikiliza.”