Mama Mkwe Ndiye Mmiliki

Mama Mapazia hakuwa mtu wa kufungia watu vitu. Duka lake la mtandaoni, lililouza mapazia yanayoshonwa sebuleni kwake, lilikuwa na neno la siri moja tu, na wote walilijua: yeye, wifi yake aliyejibu wateja, fundi wa cherehani, mpaka mpakiaji. Mwenyewe aliita huo upendo. Ulikuwa uvivu tu, basi.

Kamba hukatikia pabovu. Asubuhi moja picha ya pazia la maua, lile lililopendwa kuliko yote, ilikutwa imefutwa. Nani kaifuta? Haikujulikana, maana kwenye mtambo wa duka, ule walioufungua kwa simu zao, kila kosa lilikuwa na jina la Mama Mapazia. Wifi akasema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila mtu apewe ufunguo wake na mipaka yake.

Wakaketi kugawa ruhusa. Wifi ajibu wateja, asiguse bei. Fundi aone kazi za kushona tu. Mpakiaji aone anwani. Akabaki mama mkwe, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa dirishani akikagua pindo na kukata nyuzi zinazoning'inia, na ambaye tangu siku ya harusi alimwita Mama Mapazia "mke wa mwanangu", hata mbele ya wateja. Mtambo ulikuwa na ngazi zake: mmiliki juu, wafanyakazi chini. Kidole cha Mama Mapazia kikabaki hewani. Amwandike mama mzaa mume wake kuwa mfanyakazi wake? Angeuweka wapi uso wake? Akambonyezea "mmiliki", sawa na yeye mwenyewe. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mtambo haujui shikamoo, na kwamba mama yake lazima ashushwe kimyakimya siku moja. Mama Mapazia akakubali. Siku moja.

Kabla siku hiyo haijafika, ikaja oda. Shule ya bweni ilitaka mapazia ya mabweni yake yote, na ilitaka jibu kabla ofisi yao haijafungwa jioni ileile; wakinyamaziwa, wataenda duka jingine. Oda kubwa namna hiyo ilipaswa kuidhinishwa na mmiliki peke yake, sharti aliloliweka Mama Mapazia kwa mkono wake. Kazi ya aina hii alikuwa akiiota tangu enzi za cherehani ya kuazima.

Alikuwa karibu kuiidhinisha, mpakiaji akaja analalamika haoni anwani. Mama Mapazia ni mtu asiyesadiki mchuzi asiouonja. Akajishusha mwenyewe, akajifanya mpakiaji ili aone anachokiona mwenzake, akabonyeza "hifadhi". Anwani zilikuwepo zote. Mpakiaji alikuwa amesahau miwani nyumbani. Kilichopotea ni vingine vyote: bei, oda ya shule, na kile kitufe cha kubadilishia ruhusa. Angekuwa mmiliki pekee, mtambo ungemkatalia. Ulipoona yupo mmiliki mwingine, ukaridhika. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wifi akajaribu kwa ufunguo wake, hana ruhusa. Jua lilikwisha anza kushuka. Mama Mapazia akaenda dirishani, akachuchumaa kando ya kiti, akaeleza yote. Mama mkwe alisikiliza bila kuweka mkasi chini.

"Kwa hiyo sasa hivi wewe ni nani humu dukani?"

"Mpakiaji, mama."

"Na mimi?"

"Mmiliki."

"Basi kapakie, mke wa mwanangu. Oda niachie mimi."

Hakuwa anatania. Mama Mapazia akaenda kupakia, pazia moja akalikunja na kulikunjua mara mbili. Kule dirishani alimsikia mama mkwe akimwita fundi na kumuuliza kama kitambaa kinatosha, kisha akimtaka wifi amsomee oda yote, asiruke neno. Mwisho akavaa miwani na kubonyeza simu yake, taratibu, kwa kidole kimoja. Haikupita muda simu ya wifi ikalia. Shule imepata jibu, na wanashukuru. Nyumba ikajaa vigelegele, fundi akacheza futi ikiwa shingoni, na Mama Mapazia akalia kwa furaha mbele ya mpakiaji mwenzake.

Vilipotulia, mama mkwe alimrudishia cheo chake, kisha akamnyooshea simu ile.

"Najua mimi kuwekwa hapa yalikuwa makosa," alisema. "Lakini kila asubuhi nafungua hapa kwanza. Nyumba niliyokaa iliandikwa jina la baba yao. Cherehani niliyoshonea ilikuwa ya kaka yangu. Hapa nimeliona langu, na pembeni yake 'mmiliki'. Nilikuwa nalitazama tu, sigusi kitu. Sasa niondoe, kazi imekwisha."

Mama Mapazia akalitazama lile jina, na kitufe kilicho chini yake. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, naye akilitazama. Mama Mapazia akaizima simu, akairudisha mikononi mwa mama mkwe. Akasema akijishusha tena siku nyingine, nani atampandisha?

Mama mkwe aliitia simu mfukoni, akachukua mkasi. Meza ilikuwa tupu, ikingoja kazi ya shule.

"Haya, mwenzangu," akasema, "lete kitambaa."